Vibao vya mlango wa boti vikipotea: namna ya kutengeneza vipya na kuvifunga visiende tena

Boti ndogo ya tanga ya faiba, ile yenye chumba cha kulala watu wawili au watatu, haina mlango wa bawaba kama nyumba. Ina tundu la kushukia chumbani, juu yake kifuniko kinachoteleza, na usoni vibao viwili au vitatu vinavyotumbukizwa kimoja juu ya kimoja ndani ya mifereji ya miimo, yaani nguzo za pembeni mwa tundu. Ukitaka kupita unavichomoa, ukitaka kufunga unavirudisha. Mara nyingi havikushikwa na chochote ila uzito wao wenyewe, ndiyo maana vinapotea kuliko kitu chochote kingine botini.

Vyangu vilipotea mwezi wa Julai, baina ya Nungwi ya Unguja na Mkoani ya Pemba. Chumbani kulikuwa na joto, nikavichomoa viwili vya juu nikavilaza sitahani karibu na mlingoti, nikasema nitavirudisha baadaye. Wimbi likatunyanyua kwa nyuma, boti ikalala ubavu, na vibao vikateleza kwa pamoja kama sahani juu ya meza iliyoinuliwa upande mmoja. Kimoja nilikiona kinaelea, kinang'aa kwa vanishi mpya. Kuigeuza boti katika bahari ile kwa ajili ya kipande cha mbao sikuthubutu. Wimbi lililofuata likaingia chumbani moja kwa moja, likalowesha magodoro na redio, na tukawa tunafua maji kwa zamu mpaka tulipoiona taa ya Mkoani.

Nimelieleza hilo kwa sababu linaonesha kazi ya vibao hivi. Mlango wa kushukia unatazama tezi, yaani nyuma ya chombo. Anayetoka Unguja kwenda Pemba wakati wa kusi (upepo utokao kusini), upepo na mawimbi viko mgongoni mwake, yaani vinaelekea mlangoni. Wengi huvichukulia vibao kama kitu cha kuzuia wezi bandarini na mvua ya masika. Vinazuia hayo pia, lakini kazi yake kubwa ni kuzuia bahari isiingie ndani ya chombo. Kibao chembamba cha kupachika tu, kwa nia ya "kitafaa kwa sasa", ni hatari kuliko tundu lililo wazi, kwa sababu tundu lililo wazi angalau unaliogopa.

Kama safari ni kesho

Tafuta plaiwudi ya milimita 12 au zaidi, ikate iwe kubwa kuliko tundu kwa sentimita 5 kila upande, uiegemeze kwa nje ili wimbi likija liibane zaidi. Toboa matundu mawili katikati, pitisha kamba, na kwa ndani uifunge kwenye gongo imara lililolala kutoka mwimo hadi mwimo. Ukiwa nje, isokote kwa kijiti mpaka ikaze. Hakikisha hakuna mtu ndani unapofunga hivi, na weka kisu karibu cha kukatia kamba. Hii ni ya kuvukia tu. Ukifika, anza kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: usiamini kwamba tundu limenyooka

Mtu akiona tundu la mlango hudhani ni mstatili. Chukua vipimo vyako mwenyewe. Boti nyingi zina tundu lililo pana juu na jembamba chini, kwa makusudi: kibao ukikiinua kidogo tu kinalegea na kutoka, huna haja ya kukipandisha mpaka juu kabisa. Ni raha bandarini. Baharini ni balaa, kwa sababu kibao hichohicho kikisukumwa juu sentimita chache kinaanguka. Boti nyingine zina miimo iliyo sambamba, na hapo kibao lazima kipande njia nzima ndipo kitoke. Jua chako ni cha namna gani kabla ya kununua ubao.

Kisha safisha mifereji. Chokonoa mchanga, chumvi na rangi iliyoganda. Chini kabisa ya kila mfereji, au kwenye kona za kizingiti, huwa kuna kitundu cha kutolea maji. Mara nyingi kimeziba na watu hawajui kama kipo. Kizibue kwa spoku ya baiskeli. Mfereji usiotoa maji utaozesha kibao chako kipya kuanzia chini, hata ukikipaka vanishi mara kumi.

Angalia pia kama miimo yenyewe ni mizima. Vuta kwa mkono. Skrubu zikicheza, zing'oe, jaza matundu epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya), uzirudishe. Kibao kigumu ndani ya mwimo uliolegea hakina maana.

Hatua ya pili: kiolezo

Kiolezo ni umbo la tundu utakalolifuatisha unapokata ubao. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Utepe wa kupimia hauingii vizuri ndani ya mfereji. Unajikunja kwenye kona na kukudanganya milimita tatu, nne. Tumia fito mbili. Chukua vipande viwili vya ubao mwembamba na ulionyooka, kila kimoja kirefu kuliko nusu ya upana wa tundu, uvichonge ncha. Vishike pamoja, sukuma kimoja kushoto mpaka ncha iguse kitako cha mfereji, na kingine kulia vivyo hivyo. Pale vinapokutana katikati bana kwa vidole, piga mstari wa penseli unaovuka vyote viwili, uandike namba 1. Huo ndio upana wako halisi. Teremka sentimita kumi, rudia kwa namba 2. Endelea mpaka kizingitini. Kwa tundu la kawaida utapata mistari mitano au sita, na utashangaa jinsi inavyopishana, hasa kwenye boti ambayo imeshabadilishwa miimo na mafundi watatu tofauti.

Baada ya hapo pima mishazari, kona ya juu kushoto hadi chini kulia, kisha kinyume chake. Zikilingana, tundu liko sawa. Zisipolingana, limeinama upande, na kiolezo lazima kiiname nalo. Usitumie pima maji ikiwa boti inaelea. Chombo kinachocheza hakina ulalo wa kuaminika, na hata kikiwa kimekaa mchangani maji yakitoka, kimelala ubavu. Kila kipimo kitokane na tundu lenyewe.

Hamisha vipimo kwenye hadubodi au katoni ngumu ya friji. Kata, jaribu, punguza kwa msasa. Kiolezo kiingie kwa kuteleza, kisikwame popote wala kisicheze zaidi ya milimita 3 kwa jumla. Andika juu yake kwa kalamu isiyofutika: NJE, JUU, KUSHOTO. Niliwahi kukata ubao mzuri wa mvule kwa kiolezo kilichogeuzwa. Tundu lilikuwa limeinama kidogo sana, jicho halikuliona, na ubao ukawa umeharibika. Neno moja la penseli lingeuokoa.

Mwisho pima unene: mfereji una nafasi ya milimita ngapi? Kibao kiwe chembamba kuliko mfereji kwa milimita 1.5 hadi 2, maana rangi ina unene wake.

Hatua ya tatu: kuchagua ubao

Mfereji ukiruhusu, tumia unene wa milimita 18. Kwa boti ndogo sishuki chini ya 12.

Plaiwudi ya baharini, ile yenye alama ya kiwango cha Uingereza, BS 1088, ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu haivimbi wala kupinda ovyo. Shida ni kuipata ya kweli. Si kila plaiwudi nyekundu inayoitwa "marini" dukani ni ya baharini. Omba kipande cha kona, kichemshe nyumbani kwa saa nzima, kiache kikauke. Tabaka zikiachana, usinunue. Kagua na ukingo: ukiona nafasi tupu baina ya tabaka, maji yatakaa humo.

Kwa mbao za kipande kizima, mvule ni imara na hauozi upesi. Lakini vaa kitambaa au barakoa unapopiga msasa, vumbi lake linawasha pua na macho. Na uangalie: ndani ya mvule mara nyingine mna vijiwe, chokaa iliyoganda mtini ungali hai. Randa yako itapiga kelele ghafla kama imegonga msumari, na makali yamekwenda. Ukiona doa la kijivu lenye kung'aa, lizunguke. Mninga unatulia kuliko mvule, hauvimbi sana, ila bei yake mnaijua. Msaji ni mzuri sana, lakini una mafuta. Kabla ya kuugandisha kwa gundi ufute kwa asetoni, vinginevyo gundi haitashika. Mwembe uache, unaoza. Wengine wanapendekeza plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Polikaboneti ya milimita 10 inafaa, na chumba kinakuwa na nuru. Ile plastiki nyingine inayofanana na kioo inapasuka ikipigwa vibaya, na kioo chenyewe hakina nafasi hapa.

Nilimwuliza mzee mmoja wa Nungwi, aliyeunda vyombo maisha yake yote. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, nataka ubao usiovimba." Akasema, "Marahaba mwanangu. Ubao usiovimba haupo. Ujue tu unavimbia wapi." Nilimwelewa nilipokuja kukata. Mbao huvimba kwa upana, si kwa urefu wa nyuzi zake. Kibao cha mlangoni hulazwa nyuzi zikienda kushoto na kulia. Kwa hiyo upana wa tundu hautakusumbua hata masika. Kitakachosumbua ni kimo. Vibao vitatu vya mbao vikivimba kila kimoja milimita 2, kifuniko cha juu hakifungi. Acha nafasi ya milimita 5 au 6 juu ya kibao cha mwisho, izibwe na ukingo wa kifuniko unaoshuka kwa nje. Kwa plaiwudi milimita 3 zinatosha.

Hatua ya nne: kukata, na mwinamo wa kingo

Usitengeneze kibao kimoja kikubwa. Vitatu ni bora: baharini unaacha cha chini mahali pake siku zote, hata kukiwa na joto, na unachomoa viwili vya juu kwa ajili ya hewa. Wimbi dogo likimwagika nyuma linakutana na kibao cha chini na kurudi lilikotoka.

Pale vibao viwili vinapokutana, kingo zisiwe bapa. Ukingo wa juu wa kila kibao uwe na mwinamo, upande wa ndani juu na upande wa nje chini, kama upenu wa nyumba unavyomwaga maji uani. Ukingo wa chini wa kibao kinachokaa juu yake uchongwe kwa mwinamo huohuo. Kwenye ubao wa milimita 18 mimi nashusha upande wa nje kwa milimita 10. Ukikosea ukageuza, umejenga mfereji wa kuyaleta maji kitandani kwako.

Kwa plaiwudi kuna njia inayoondoa kosa hilo kabisa. Kata kwanza ubao mmoja wa tundu zima, ukiongeza milimita 7 za kimo. Uingize, uupunguze kwa randa mpaka ukae. Andika NJE kwa penseli juu, katikati na chini. Kisha inamisha msumeno wa mashine nyuzi 30, uukate ubao huo vipande vitatu kwa mistari miwili. Kingo zinatoka zikiwa zinaoana zenyewe, na zile milimita 7 ndizo zilizoliwa na msumeno. Kabla ya kila mkato simama, shika ubao kama utakavyosimama botini, uliza maji yatakwenda wapi.

Kizingiti nacho huwa kimeinamia nje. Ukingo wa chini wa kibao cha kwanza uufuate mwinamo wake, usikae kwenye ncha moja.

Baada ya kukata, viringisha kona zote kali kwa tupa kisha msasa namba 120. Rangi haikai kwenye kona kali, inavutika pembeni na kubaki nyembamba, na hapo ndipo maji yanapoanza kuingia.

Kwenye kibao cha juu pekee, toboa matundu ya hewa au uweke vipande vilivyoinamishwa kama dirisha la Mji Mkongwe, na kwa ndani ugongomee wavu wa mbu. Chumba kilichofungwa wiki mbili katika joto letu kinaota ukungu mpaka kwenye mito. Lakini kama unapikia gesi botini, usidhani matundu hayo yanakulinda: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani, chini kabisa ya chombo. Funga mtungi kwenye valvu yake kila ukimaliza kupika.

Hatua ya tano: kupaka

Anza na kingo. Plaiwudi hunywa maji kwa ukingo, si kwa uso. Paka epoksi nyepesi, subiri inywewe, paka tena, mara tatu. Matundu yote ya skrubu yapate epoksi kabla ya skrubu.

Halafu chagua, vanishi au rangi. Vanishi ni nzuri kwa macho, na ninaipenda, lakini tuko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta na jua letu linaila. Tumia ya baharini yenye kinga ya jua, mikono sita (yaani upake mara sita), ukipiga msasa namba 240 baina ya mkono na mkono, na ujue utairudia kila mwaka. Rangi nyeupe inadumu zaidi na kibao hakichomi mkono adhuhuri. Paka asubuhi umande ukishakauka, uache mapema alasiri. Vanishi iliyopakwa jioni inaamka na ukungu mweupe juu yake.

Sifa, yaani mafuta ya papa, na mafuta ya kitani usitumie hapa. Sifa ni dawa nzuri ya mbao za jahazi, imelinda vyombo vyetu vizazi na vizazi, lakini ubao uliokunywa sifa haushiki tena vanishi wala epoksi, na harufu yake utalala nayo. Mafuta ya kitani katika unyevu huu yanageuka meusi.

Mikono ikishakauka sawasawa, sugua mshumaa kwenye kingo zinazoingia mferejini. Vibao vitateleza bila kulia.

Hatua ya sita: kuvifunga

Ukiwa umechoka na unataka kuishia hatua ya tano, nakusihi usiishie.

Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet yanayopita bahari baina ya Uingereza na Ireland, dhoruba iliukuta msafara wa boti 303. Mabaharia 15 wa mashindano walifariki na boti 5 zilizama. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionesha kwamba katika baadhi ya boti zilizopinduka, vibao vya mlango vilichomoka vyenyewe na bahari ikaingia kwa tundu hilohilo tunalolizungumza. Kanuni za mashindano ya bahari kuu sasa zinataka vibao viweze kubanwa visitoke hata chombo kikipinduka, viweze kufunguliwa kutoka ndani na nje, na vifungwe kwa kamba visipotee. Sisi hatushindani na mtu, lakini mkondo wa Nungwi unapokwenda kaskazini na upepo wa kaskazi ukaupiga usoni, mawimbi yanasimama mafupi na makali, na boti ya futi 24 ni ndogo sana mahali pale.

Kwa hiyo kila kibao kipate kamba yake. Toboa tundu kwenye kona ya juu upande wa ndani, pitisha kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5, ifunge kwenye pete iliyokazwa kwa bolti ndani ya chumba, si kwa skrubu ya ubao. Urefu wake utoshe kukitoa kibao mferejini na kukiweka mahali pake pa kukaa, basi. Ikizidi hapo itaning'inia na kuingia kwenye miguu, au kwenye rafadha.

Kisha komeo. Weka komeo dogo la kusukuma kwenye kibao cha juu, liingie kwenye mwimo, na jingine kwenye kibao cha chini ili kibaki hata viwili vya juu vikiwa vimetoka. Makomeo yafunguke pande zote mbili. La nje tu linaweza kumfungia mtu ndani. La ndani tu litakufungia wewe nje na dhoruba. Nunua ya shaba au chuma kisichoshika kutu. Dukani nenda na sumaku: ikinata kwa nguvu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro, na kusi moja tu inakimaliza. Kufuli ya bandarini nayo iwe ya shaba, na kabla ya kuifunga ita jina la kila aliyekuwa botini.

Hatua ya saba: kujaribu

Ingiza vibao vyote, funga kifuniko, mtu mmoja akae ndani na tochi. Wa nje amwage ndoo nzima ya maji ya bahari kwa nguvu, tena na tena, kuanzia juu, kisha kwenye maungio, kisha kizingitini. Wa ndani aangalie kwa macho maji yanapopita. Matone machache kwenye maungio hayana neno. Mchirizi unaotiririka una maana mwinamo umekosewa au mfereji umepasuka. Baada ya hapo wa ndani asukume kila kibao kwa mguu kuelekea nje, halafu akiinue kwa mikono miwili kwenda juu. Kikipanda hata sentimita moja na komeo limefungwa, komeo hilo halijakaa sawa.

Vishonee mfuko wa turubai ndani ya chumba, karibu na ngazi, ndiyo iwe nyumba yao kila vinapotolewa. Sitahani visilazwe tena. Na kiolezo usikitupe: kiandike tarehe na unene wa ubao, kifunge kwa nailoni, ukilaze chini ya godoro. Siku kibao kikivunjika ukiwa Wete, seremala yeyote mwenye msumeno mzuri atakukatia kingine jioni ileile bila kuiona boti yako.